Nani Sasa Atachora Mlangoni?

Habari za kifo cha Masi zilinikuta Kikopey, kwenye vibanda vya nyama choma, mfupa wa mbuzi mkononi na mafuta yakinitiririka hadi kwenye kiwiko. Najua angecheka. Mama yule hakuwahi kutia nyama kinywani maisha yake yote, na kila nilipopitia kwake nikitoka Naivasha alinusa hewa, akanikodolea macho na kusema, "Umesimama Kikopey tena, mwandishi. Mbuzi wa Gilgil wataisha kwa sababu yako." Basi simu ililia, nikaipokea kwa kidole kimoja kilichosalia safi. Aliyepiga alikuwa jirani yake, mama mwenye mashine ya kusaga unga, mwanamke asiyejua kupindapinda maneno. "Masi ametuacha," akasema. "Jana amelala akiwa sawa tu. Asubuhi hakuamka." Jirani hakulia. Nilimsikia akivuta pumzi, mashine ikinguruma nyuma yake, kisha akauliza kana kwamba nilikuwa na jibu: "Sasa ni nani atachora?" Niliurudisha mfupa kwenye ubao, nikanawa mikono, nikaondoka nikiwa nimebeba swali hilo.

Nitaeleza swali lenyewe, maana bila hilo huwezi kumjua Masi. Sitamtaja jina, na hata mtaani wengi hawakulijua. Masi ni mama mdogo, dada ya mama, kwa Kigujarati cha nyumbani kwao, na mtaa mzima ulimwita hivyo, kuanzia wauza mboga hadi mchungaji. Babu yake alikuja kutoka Gujarat, baba yake akazaliwa hapa Nakuru, naye akazaliwa hapa, nyuma ya soko, katika nyumba ileile ya mawe aliyofia. Aliongea Kiswahili chetu cha hapa hapa, na akiwa sokoni aliweza kupunguziwa bei ya viazi kwa Kikuyu. Wapwa zake walihamia ng'ambo mmoja mmoja, wakamsihi awafuate, naye akawajibu kwamba huko hakuna udongo. Wao walidhani ni mzaha. Lakini Masi alikuwa msanii wa udongo, kwa maana halisi ya neno. Kwao wanawake huchora maua na nyota chini, mbele ya mlango, kwa unga wa rangi unaodondoshwa kwa vidole, na mchoro huo huitwa rangoli. Wengine hununua rangi hizo dukani zikiwa katika pakiti. Masi alizikusanya bondeni. Nyeupe yake ilikuwa ule udongo mwepesi unaochimbwa Kariandusi. Nyekundu ilikuwa udongo ambao Wamaasai hujipaka, nyeusi makaa yaliyotwangwa, na ya manjano alitia manjano yenyewe ya jikoni. Na katika kila mchoro alichanganya vumbi la unga lililofagiwa sakafuni kwenye mashine ya jirani. Husema wazee kwamba jina la mji wetu linatokana na vumbi. Sisi wengine vumbi hilo tunalilaani kila kiangazi na kulipangusa viatuni, yeye akalifanya kazi yake.

Jirani huyo na Masi walijuana kwa namna ambayo hata leo nikiikumbuka nacheka peke yangu. Mama wa mashine alikuwa ndio kwanza amehamia mtaani, na binti yake akajifungua mtoto. Masi akasikia kilio cha kitoto kichanga kupitia ukutani, akafurahi. Alfajiri, kabla watu hawajaamka, akatoka na mabakuli yake, akachora mbele ya mlango wa jirani ua kubwa jeupe lenye kingo nyekundu, katikati akaweka kitaa kidogo cha udongo kinachowaka. Kisha akarudi kwake kupika mithai, vitamu vya kwao, ya kumpelekea mzazi. Sasa msomaji, jiweke mahali pa mama wa mashine. Umehamia mtaa mgeni, ndani kuna kichanga ambacho hakijatimiza hata wiki, unafungua mlango asubuhi unakuta unga mweupe, unga mwekundu, na moto unawaka kizingitini. Alipiga yowe lililosikika hadi barabarani. Akapiga simu. Mchungaji akaja mbio, na akina mama wa kanisa nyuma yake wakiwa na vitambaa vichwani, wakauzunguka mchoro ule, wakaanza kuimba na kupiga makofi, wakizunguka, wakimkemea shetani atoke na virago vyake.

Masi akatokea na sahani ya mithai. Akaona wanawake wanazunguka ua lake, wanaimba, wanapiga makofi. Kwao, nao pia, wanawake husherehekea kwa kuzunguka kitaa kinachowaka, wakiimba na kupiga makofi, na ngoma hiyo huitwa garba. Akadhani majirani wamekuja kumkaribisha mtoto. Akaweka sahani chini, akavua ndara, akaingia katikati ya maombi, akacheza. Nasimulia kama nilivyosimuliwa na mchungaji mwenyewe, ambaye anasema katika utumishi wake wote hajawahi kuona pepo likikemewa na lenyewe likisaidia kuitikia. Wimbo ukapungua, ukazima. Mchungaji akauliza, "Mama, hii kitu ni nini?" Masi, jasho likimtoka, akashangaa. "Si ni karibu ya mtoto? Kwetu tunaweka kwa mlango, ndio baraka ijue pa kuingilia." Mama wa mashine hakuwa tayari kutulia. "Karibu gani ya unga na moto? Huku kwetu mtu akikumwagia unga kwa mlango, anataka ufe!" Wakatazamana. Kisha mchungaji akaanza kucheka, mwishowe mama wa mashine naye akacheka, ingawa alichukua ufagio akafagia mlango wake hadi ukang'aa. Mithai walikula.

Kuuliza si ujinga, na kuanzia siku hiyo wanawake wale wawili waliulizana mengi. Mume wa mama wa mashine ni mpigaji wa zamani wa kodiani, kile kinanda cha kubanwa kifuani, kutoka Bahati, aliyewachezesha watu mwomboko, ngoma ya Wakikuyu, katika harusi nyingi. Masi alikuwa na kinanda chake cha sanduku, kile ambacho mkono mmoja hupepea hewa kwa nyuma na mwingine hubonyeza vidude mbele. Mzee akakitazama, akakizunguka, akasema, "Hii ni kodiani imeketi chini." Hapo urafiki ukafungwa. Ukimsikiliza mzee yule akipiga garba kwa kodiani, huku pete ya chuma ikigongwa kwa mpigo wa mwomboko, miguu yako haikuulizi wewe ni kabila gani. Mwomboko ni hatua mbili na kuinama. Garba nayo ina kuinama kwake, ina kugeuka na kupiga kofi. Akina mama waliziunganisha ngoma hizo ghalani, nyuma ya mashine, Jumamosi baada ya Jumamosi, wa kanisani na wa hekaluni, sketi na sari, hadi ikawa ngoma moja isiyokuwa na jina. Masi alikataa kuipa jina. Alisema ikishapata jina itaundiwa kamati.

Na mchoro haukuachwa nyuma. Kabla ya kila ngoma, uliandaliwa chini, mpana, wenye duara ndani ya duara, na wanawake wakacheza juu yake wakiwa pekupeku. Nyeupe ya Kariandusi ikaingia katika nyekundu, unga ukaingia katika makaa, na ngoma ilipokwisha hapakuwa na ua wala nyota, palikuwa na alama za nyayo katika rangi ambayo hakuna aliyeipanga. Masi aliamini mchoro haujaisha mpaka ukanyagwe. Alikuwa na sharti moja tu: mstari wa kwanza, ule wa katikati unaobeba mingine yote, uchorwe na mama mwenye umri mkubwa kuliko wote waliopo. Wengine wangejaza. Sasa aliyemfuata Masi kwa umri alikuwa mama wa mashine, na mama wa mashine alikataa kugusa bakuli. Kucheza, alicheza kuliko wote. Vumbi la unga, alilitoa bure, amelichekecha. Lakini kuchora, hapana. "Mimi nilishaitia hiyo kitu pasta," alisema. "Watu waliniona nikifagia. Leo wanione nikimwaga? Wataniita nani?" Masi alimnyooshea bakuli kila Jumamosi, naye kila Jumamosi alilisukuma kwa kiganja. Bandu bandu humaliza gogo, lakini gogo hili lilikuwa la mugumo, mti ambao haukatwi. Wakati mwingine Masi aliniambia, akijifanya anachezacheza na bangili zake, "Nikienda, mwandishi, hawa watacheza kwa sakafu tupu mwezi mmoja, halafu wataacha. Bila mstari hakuna pa kuweka mguu." Hilo ndilo lililomkosesha usingizi, wala si kifo chenyewe.

Mara moja tu nilimwona amekasirika kweli. Mji wetu ulikuwa umepandishwa hadhi kuwa jiji, na kila ofisi ilitafuta kitu cha kuonyesha wageni. Afisa mmoja kijana, suti imemkaa vizuri, akaja ghalani, akaona mchoro, akapagawa. Akamwomba Masi achore mwingine katika ukumbi mmoja mkubwa, kwa hafla ya jioni. Masi akakubali kwa sharti kwamba akina mama watacheza juu yake, akauchora mchana. Tulipofika ukumbini jioni tukakuta mchoro umezungushiwa kamba nyekundu, ile ya benki, na ubao umeandikwa usikanyage. Akina mama walikuwa wametengewa pembe moja karibu na meza ya soda. Afisa akaeleza kwa heshima zote: "Mathe, hii ni heritage sasa. Tutaipiga vanishi, ikae. Wageni wataiona hata mwaka ujao." Masi akamwuliza, "Itakaa ikifanya nini?" Mbele ya wageni waheshimiwa wenye glasi mkononi, Masi akavua ndara, akaiinua sari yake kidogo, akaruka kamba, akatembea juu ya kazi yake mwenyewe kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mzee wa kodiani hakungoja kuambiwa. Akina mama wakaifuata ile kamba, wakaishusha chini, wakaingia. Mama wa mashine ndiye aliyemvuta afisa kwa mkono: "Vua viatu, kijana wangu. Hakuna mtu amekufa." Kijana alivua, na soksi yake ilikuwa na tundu, na alicheza vizuri kuliko alivyovaa.

Nimeifikiria kamba ile mara nyingi. Sisi watu wa bonde hili tunapenda sana kuhubiriana mchanganyiko. Kila mwanasiasa akishika kipaza sauti anatuambia sisi ni wamoja, na kila hafla lazima iwe na kikundi hiki kicheze chao, kishuke, kikundi kile kipande kicheze chao, kishuke, kisha tupige makofi na tuseme tumeonja tamaduni. Nami naona hapo hakuna kilichochanganyika. Ni kamba tu tumeipaka rangi. Tumewahi kufukuzana katika bonde hili, majirani kwa majirani, watu waliokuwa wamehudhuria harusi za wenzao na kujua nyimbo zao kwa moyo. Kujua nyimbo za mwenzako ukiwa umeketi kitini hakutoshi. Masi hakuwahi kutoa hotuba juu ya umoja, na ninashukuru, maana hotuba za umoja zimenichosha. Yeye alitaka uvue viatu, uingie, uharibu kidogo chake naye aharibu kidogo chako, mtoke na miguu ya rangi moja. Wapo wa jamii yake waliomwambia anachezea mambo matakatifu. Wapo wa kanisani waliowaambia akina mama wanacheza juu ya miungu. Wote hao aliwapa jibu moja, akawaalika Jumamosi. Wengine walikuja.

Basi turudi kwenye kifo. Kaka yake alikuja kutoka Kisumu, mzee mpole anayeongea taratibu, akasimamia yote. Mwili wa Masi uliteketezwa kwa desturi ya dini yake, sisi tukiwa tumesimama nje kwenye jua, akina mama wa kanisa wakiimba kwa sauti ya chini. Walikuwa wamekuja na mifuko ya udongo. Walitaka kuchora langoni, wamsindikize kwa ngoma. Kaka yake akawafuata, akaunganisha viganja, akawaambia, "Mama zangu, nawashukuru. Lakini kwetu nyumba ikiwa na msiba hatuchori. Rangi ni ya furaha. Tukichora sasa ni kama tumefurahi ameenda." Minong'ono ikaanza. Mmoja akasema Masi mwenyewe hangekataa. Mwingine akasema wanakatazwa kwa sababu ni wageni. Niliona kila kitu alichojenga marehemu kikiwa kwenye ncha ya ulimi wa mtu mmoja mwenye hasira. Mama wa mashine akawageukia wenzake. "Nyamazeni," akasema. "Hata sisi nyumba ya msiba hatuimbi harusi. Si tungoje matanga iishe? Masi aliningoja mimi miaka yote." Akamshika yule mzee mkono, wakaketi pamoja kwenye benchi, na mifuko ikarudishwa mtaani bila kufunguliwa.

Wakangoja. Mashine ilisaga, vumbi likafagiwa na kuwekwa kando kama kawaida, lakini ghala lilikaa kimya Jumamosi zile zote. Nilipita mara kadhaa, na kila mara nilimkuta mama wa mashine akichekecha vumbi lile la unga, akichekecha lililokwisha kuchekechwa. Sikumwuliza kitu. Nakiri niliogopa jibu. Mume wake aliniambia kando, "Anapiga piga vidole kwa meza usiku. Sijui anahesabu nini." Nikajua hahesabu, bali anafunza vidole vyake kudondosha unga.

Matanga yalipokwisha, kaka yake Masi alifungua madirisha yote ya nyumba ile ya mawe, akaja ghalani asubuhi na mabakuli ya marehemu, yamepangwa moja ndani ya jingine. Akina mama walikuwa wamefika. Wote wakatazama mabakuli, kisha wakatazama mama wa mashine. Akajifuta mikono kwenye aproni, akachukua bakuli la nyeupe, na badala ya kuelekea katikati ya ghala akatoka nje, akazunguka hadi mbele, kwenye mlango wa nyumba yake. Tukamfuata. "Masi aliniwekea hapa," akasema, "nikafagia. Nitaanzia hapa." Akapiga magoti kwa shida, maana magoti yake si ya jana. Mstari wake wa kwanza ulikwenda mrama. Ulianza sawa, ukayumba, ukarudi. Alisita, kisha akatia mstari wa pili kando yake, na wa tatu, nikatambua anachofanya. Hakuwa anachora ua la Masi. Alikuwa anachora ususi wa kikapu cha kiondo, mishono ile ya kupishana ambayo mikono yake imeijua tangu utotoni. Machozi yalimdondoka kwenye unga, naye akayafunika na unga mwingine akaendelea. Kaka yake Masi alipiga magoti upande wa pili, akajaza nyekundu. Mwisho kabisa wakaweka kitaa katikati, na mama wa mashine ndiye aliyekiwasha kwa kiberiti chake mwenyewe.

Ikatokea kwamba mteja mmoja, mwanamke kutoka upande wa Njoro, alifika na debe lake la mahindi ya kusaga. Akasimama ghafla mbele ya mlango, akautazama unga, akautazama moto, akaanza kurudi nyuma huku midomo yake ikiomba. Mama wa mashine akainuka, magoti meupe, akampokea debe. "Usiogope, mathe," akamwambia. "Ni karibu. Kanyaga upite." Mwanamke yule akasitasita, akavua viatu vyake vya plastiki, akakanyaga. Kodiani ikaanza.

Nimeandika safu hii miaka mingi na nimewazika wengi ndani yake, na najua tunavyowafanyia wafu wetu. Tunawasifu, tunawawekea picha ukutani, tunawazungushia kamba, kisha tunarudi nyumbani tukiwa tumewasahau vizuri. Masi hakutaka vanishi. Aliyekufundisha kitu akifa, usimwachie kazi hiyo maiti. Chukua bakuli, hata kama mstari unayumba, hata kama ulishawahi kuufagia mchoro mbele za watu, na uchore kwa mishono unayoijua wewe. Mimi nimeomba mfuko mmoja wa udongo wa Kariandusi nikapewa. Kesho asubuhi nitachora mlangoni kwangu, na nawaonya mapema kwamba utakuwa mchoro mbaya sana. Ukipita, vua viatu, ukanyage.